Maji Huishia Hapa: Shajara ya Bwawa Letu

Jumamosi, 11 Januari 2025

Tangazo limebandikwa kwenye lango la bwawa letu la kuogelea. Karatasi moja, gundi bado mbichi, herufi za kukodolea macho: kiwanja kinaombewa kibali cha kubadilisha matumizi, kutoka burudani kwenda biashara. Mwenye pingamizi ana siku 14. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi la mtaa, nikaendelea na safari yangu ya sokoni. Niliporudi na samaki, simu ilikuwa imejaa.

Kwa asiyelijua, bwawa letu liko wazi juani, mita 25 kwa 10. Upande wa watoto kina ni sentimita 90, upande wa pili mita 2.4. Lilijengwa na baraza la mji enzi za wazee wetu. Mimi nilijifunza kuogelea hapo, kwa kiingilio cha shilingi tano na sharti la kujimwagia maji kwanza. Limefungwa mwaka wa kumi na moja sasa. Pampu iliharibika, tukaambiwa nyingine inaagizwa, tukangoja.

Ninaanza daftari hili leo kwa sababu katika mambo ya ardhi mtu hushinda au hushindwa kwa tarehe. Kila kitu kitaandikwa hapa na siku yake.

Jumanne, 14 Januari

Kikao cha kwanza, chini ya mwarobaini mkabala na lango. Watu 31, wengine wamesimama na ndoo mkononi. Nahodha mstaafu amekubali uenyekiti. Mama muuza mahamri, ambaye chama chetu hakijawahi kupotewa na shilingi mikononi mwake, ni mweka hazina. Mimi ni katibu.

Vijana walitaka tufunge barabara kesho yake. Jirani yetu wakili aliwaacha wakamaliza, kisha akafungua Katiba ya Kenya kwenye simu akasoma polepole. Kifungu cha 62: ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti, kaunti inaishika kwa amana kwa niaba ya wakazi. Jedwali la Nne: bustani, fuo na vituo vya burudani ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 35: kila raia ana haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali.

Neno amana liliwaingia watu. Hapa pwani hakuna asiyejua amana. Aliyewekewa mkufu na jirani hauuzi kwa sababu mwenyewe kasafiri. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote alisema, "Basi tukawaulize mkufu wetu." Tukakubaliana barua mbili: moja ya kuomba taarifa, moja ya pingamizi.

Ijumaa, 24 Januari

Siku ya mwisho ya pingamizi. Tumelipeleka na saini 1,146, nakala tatu. Kijana wa kaunta alitaka kuzipokea bila muhuri. Mwenyekiti akamwambia, "Mwanangu, tutangoja," akaketi kwenye benchi na bakora yake kati ya magoti. Tulingoja saa moja na nusu. Muhuri umepigwa kwenye nakala zote.

Barua ya taarifa tuliitangulizia tarehe 17. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inawapa siku 21 za kujibu.

Ijumaa, 7 Februari

Wamejibu, siku ya 21 yenyewe. Kurasa mbili. Ya kwanza ina heri: kiwanja hakijapewa mtu hati, bado ni cha umma. Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ni ripoti ya ukaguzi, aya moja: sakafu ya bwawa imepasuka, haihifadhi maji, na gharama ya kuijenga upya haina faida. Hakuna kipimo hata kimoja. Hakuna siku ya ukaguzi.

Nimeisoma mara tatu. Shauri lote la kubadilisha matumizi limesimama juu ya aya hiyo. Tukiwa na Katiba yote upande wetu na bwawa likawa kweli limekufa, tutakuwa tunapigania shimo. Nimempigia fundi.

Fundi ni wa mabwawa ya hoteli, miaka mingi. Amekubali kuja bila malipo, kwa nauli tu.

Jumamosi, 22 Februari

Tumeruhusiwa kuingia kufyeka. Watu 40 na kitu, mapanga, matoroli, chai ya mweka hazina. Tumetoa chupa, matairi, godoro, na kiti cha plastiki chenye miguu mitatu. Vigae vya buluu bado vimo upande wa watoto, karibu vyote. Upande wa kina umebaki na maji ya kijani kibichi, mazito, na vyura.

Mzee mlinzi yuko hapo miaka 19. Kabla ya ulinzi alikuwa akisugua vigae. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono akanipeleka ukingoni.

"Unauona mstari ule?"

Nikauona. Doa jeusi limezunguka bwawa pande zote nne, limenyooka kama uzi wa mwashi, sentimita 60 hivi chini ya ukingo.

"Maji huishia hapa, mwalimu. Mvua ikinyesha wiki nzima yatapita, lakini hayakai. Siku tatu, nne, yamerudi pale pale. Na yakishafika pale hayaendi kokote, mpaka jua la kaskazi liyanywe kidogo kidogo."

Niliandika maneno yake nikaendelea kuhesabu magunia ya taka. Usiku ndipo nilipomsomea fundi kwenye simu, akanyamaza. Akauliza, "Mstari uko sawasawa kotekote?" Nikasema ndiyo. "Mwalimu, bwawa lililopasuka sakafu halina mstari. Maji yangeshuka mpaka chini. Yakisimama mahali, tundu liko mahali hapo."

Ripoti ya kaunti imeandikwa na mtu aliyelipwa kuangalia. Mzee huyu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ramadhani, Machi

Mwezi huu vikao ni vichache. Mambo mawili tu ya kuweka.

La kwanza ni mbu. Malalamiko yamefika afisi ya afya kwamba bwawa linazalisha mbu, na hiyo ni sababu nyingine ya kulifukia. Ni hoja ya haki. Homa ya dengi imetutesa pwani hii. Fundi alisema tusiyatoe maji yote sasa, masika iko mlangoni: ardhi yetu ikishiba maji, bwawa tupu husukumwa kutoka chini na linaweza kuinuka likavunjika kama chungu. Kwa hiyo tumetia perege wadogo, ndoo mbili, kutoka kwa jirani mfugaji. Baada ya siku tisa nilichota maji kwa kikombe cheupe mara kumi, pembe zote. Viluwiluwi vya mbu: hakuna. Makopo na matairi, ambayo ndiyo mbu wa dengi huyapenda hasa, tulikwisha kuyaondoa.

La pili ni la akina mama. Baada ya tarawehe, mama mmoja aliniita pembeni. "Mwalimu, saini nimetia. Lakini hilo bwawa likifunguliwa, binti zangu wataingia saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Wiki mbili tumelizungumza nyumba kwa nyumba, na sasa limo kwenye mpango wetu wa maandishi: alasiri mbili kwa wiki za wanawake na wasichana peke yao, ua mrefu upande wa barabara, na mwalimu mwanamke. Wawili katika kamati waliona tunajiongezea mzigo. Mimi sikubaliani nao kabisa. Bwawa la umma ambalo nusu ya umma haiwezi kuingia si la kupigania.

Jumanne, 29 Aprili

Leo hakuna kazi ya mradi. Naandika kwa sababu ya tarehe.

Tarehe kama ya leo, mwaka 1994, feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipinduka ikiwa bado karibu na gati. Watu 272 walikufa. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akienda kazini, kashika mkoba wa chakula. Alizaliwa mita mia mbili kutoka baharini na hakujua kuogelea. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa la ajabu. Watu wazima wengi hawakujua, na hadi leo hawajui. Mtu hudhani watoto wa pwani huzaliwa na mapezi. Wavulana hujifunza wenyewe kwa kurukia mkondoni, na kila mwaka tunazika mmoja au wawili wao. Wasichana hawajifunzi.

Siwezi kusema kuogelea kungewaokoa watu wa feri ile. Waliofungika ndani hawakuwa na nafasi. Lakini nafundisha darasa la sita, watoto 54, na juma lililopita niliwauliza nani anaweza kuelea dakika moja. Mikono saba. Ndiyo sababu silali kwa ajili ya shimo lenye vyura. Bahari haina sehemu ya sentimita 90 yenye sakafu unayoiona, ambapo mtoto wa miaka minane anaweza kuogopa, akasimama, akajaribu tena.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kubwa usiku kucha. Saa kumi na mbili alfajiri Mzee alinipigia: "Yamepita." Nilikwenda na kanga imenata mwilini. Maji yalikuwa sentimita 10 juu ya mstari. Fundi alikuwa ametuachia maagizo, tukaanza.

Kipimo chenyewe ni cha ndoo. Unaweka ndoo kwenye ngazi ya bwawa, jiwe ndani yake isielee, unaijaza hadi maji ya ndani yalingane na ya nje. Unatia alama mbili, ndani ya ndoo na ukutani mwa bwawa. Mvua ikinyesha inaingia kote kuwili. Jua likinywa linanywa kote kuwili. Baada ya saa 24 unapima: bwawa likishuka kuliko ndoo, tofauti ndiyo inayovuja. Nilitumia rula ya shule na kalamu ya wino usiofutika.

Jumatano, 7 Mei. Ndoo imeshuka sentimita 0.5. Bwawa 4.6. Uso wa bwawa ni mita 250 za mraba, kwa hiyo kila sentimita moja ni lita 2,500. Tofauti ya 4.1 ni lita 10,250, boza zima la maji limetoroka kwa siku moja. Mweka hazina alishika kichwa.

Alhamisi, 8 Mei. Ndoo 0.4, bwawa 2.9.

Ijumaa, 9 Mei. Manyunyu. Ndoo 0.3, bwawa 1.6. Limekaribia mstari.

Jumamosi, 10 Mei. Ndoo 0.5, bwawa 0.7.

Jumapili, 11 Mei. Maji yako kwenye mstari. Ndoo 0.5, bwawa 0.5.

Jumatatu, 12 Mei. Ndoo 0.4, bwawa 0.4.

Nilipima mara ya pili nikiwa na mwenyekiti, kisha na wakili, kila mmoja akaandika tarakimu yake kwenye karatasi yake kabla ya kuonyeshana. Zote sawa. Chini ya mstari bwawa halipotezi tone ila la jua. Sakafu ni nzima.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ya juzi imepandisha maji tena, na fundi amekuja kutafuta tundu. Alinunua rangi nyekundu ya keki, akaitia kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akaingia majini hadi kifuani. Sisi ukingoni, hakuna aliyeruhusiwa kutia hata kidole, maji yatulie.

Akaanza na nyufa za vigae. Alisukuma tone moja mbele ya ufa. Rangi ikaning'inia hapo kama wingu dogo, ikatawanyika pole pole. Ufa wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu. Tulipofika kwenye kishimo cha taa, upande wa kina, sehemu ya juu ya kishimo ambapo bomba la waya huingia ukutani, alisukuma tone. Halikuning'inia. Lilirefuka likawa uzi mwekundu, uzi ukapinda, ukaingia kwenye bomba ukapotea. Alitia la pili. Uzi, ukapotea. Mzee akasema "Allahu akbar" kwa sauti ya chini.

Bomba la waya lenye upana wa dole gumba. Ziba ya mpira iliyolizunguka imeoza. Taa ziko nne, na tatu zilizobaki hazikuvuta kitu. Miaka kumi na mmoja, kwa ajili ya hiyo na pampu.

Tumerekodi yote kwa video, bila kukata, sura ya saa ikionekana.

Jumatatu, 9 Juni

Leo tumewasilisha ombi rasmi kwa karani wa bunge la kaunti, chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kila mtu ana haki hiyo, hahitaji chama wala cheo. Tumeambatanisha vipimo vya ndoo, video, barua ya fundi, mpango wa saa za wanawake, na ukurasa ule wa ripoti isiyo na tarehe.

Ombi letu ni mambo matatu tu: kubadilisha matumizi kusimamishwe, tundu lizibwe kwa gharama yetu chini ya uangalizi wa fundi wa kaunti, na bwawa lijazwe kwa majaribio.

Fedha hadi leo: shilingi 187,450. Mengi ya hayo ni michango ya hamsini hamsini na mia mia kwa M-Pesa. Binti wa mwenyekiti anaishi Uingereza, akatuelezea habari za Penzance, mji ulio kule ncha ya kusini-magharibi. Wana bwawa la wazi la umbo la pembe tatu, kando ya bahari, lililofunguliwa mwaka 1935. Tufani ya mwaka 2014 ililivunja. Likatengenezwa na kufunguliwa tena mwaka 2016, kisha likaingia mikononi mwa ushirika wa wakazi. Watu zaidi ya elfu moja walinunua hisa, na sehemu moja ya bwawa sasa inapata joto kutoka kisima kilichochimbwa mamia ya mita ardhini. Joto hatulihitaji, hilo Mungu ametupa. La hisa tulilijadili jioni nzima. Mimi naona bado: mtu akinunua hisa atauliza gawio, na hapa kwetu mali ya umma ikianza kuwa na wenye hisa, kesho ina mwenyewe. Tuendelee na mchango na daftari lililo wazi. Wawili walitaka iandikwe kwamba hawakuafiki, nami naandika.

Ijumaa, 25 Julai

Kamati ya bunge la kaunti imetusikiliza leo. Hatukuchagua sisi tarehe, lakini leo ndiyo Siku ya Dunia ya Kuzuia Vifo vya Kuzama, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Nilianza na hilo. Nikawasomea ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwishoni mwa mwaka jana: watu wapatao 300,000 walizama wakafa duniani mwaka 2021. Tangu mwaka 2000 kiwango cha vifo hivyo duniani kimeshuka kwa asilimia 38. Katika kanda ya Afrika kimeshuka kwa asilimia 3. Na moja ya mambo yanayopendekezwa na shirika hilo ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea na kujihadhari majini. Kisha nikawaambia habari ya mikono saba.

Walionyeshwa video. Uzi mwekundu ulipoingia kwenye bomba, mheshimiwa mmoja akasema, "Rudisha hapo." Ikarudishwa mara mbili.

Mwandishi wa ripoti hakufika. Afisa aliyemwakilisha aliulizwa ukaguzi ulifanyika lini na maji yalikuwa kimo gani. Hakuwa na jibu. Mwenyekiti wa kamati akauliza kama kuna mtu aliyeshuhudia maji hayo kwa miaka yote hii, na Mzee akasimama. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Alisema sentensi zile zile alizoniambia mimi, hakuongeza neno.

Jumatano, 13 Agosti

Barua imekuja. Kubadilisha matumizi kumesimamishwa hadi ukaguzi mpya. Tumeruhusiwa kuziba na kujaza kwa majaribio, siku 60, fundi wa kaunti akiwepo. Haki ya kulifungua bado hatujapewa, na kiwanja bado kinaweza kuombewa upya. Wakili anataka tuombe Tume ya Taifa ya Ardhi ilithibitishe kwenye daftari lake kuwa ni la umma. Barua hiyo naiandika kesho.

Jumamosi, 30 Agosti

Perege wamehamishwa. Wamekua, mweka hazina aliwatazama kwa namna iliyonifanya nihesabu ndoo.

Fundi amechokoa ziba iliyooza, amesafisha bomba kwa brashi ya waya, amelijaza saruji ya kukauka majini na kulifunika kwa bamba. Taa za zamani hatutazirudisha. Fundi wa ujenzi aliyetumwa na kaunti alikuwa na maswali mazuri na alivua viatu akaingia mwenyewe kugusa. Nimemshukuru kwa hilo.

Jumatatu, 1 Septemba

Kisima cha bwawa bado kiko hai, maji yake ya chumvi chumvi kidogo. Pampu ya kuazima inatoa lita 5,000 kwa saa, nasi tunaiendesha saa tatu kwa siku, mafuta yanavyoruhusu. Hiyo ni sentimita 6 kwa siku.

Jumamosi, 6 Septemba

Pampu tuliizima Alhamisi jioni, maji yakiwa sentimita 14 juu ya mstari. Ndoo kwenye ngazi, jiwe ndani, alama mbili.

Ijumaa: ndoo 0.6, bwawa 0.6.

Leo alfajiri nilimkuta Mzee ameshafika, amepiga magoti ukingoni na rula yangu ya shule. Hakuniitikia salamu mpaka amalize. Ndoo 0.6. Bwawa 0.6. Akaniomba kalamu ya wino, akainama tena, akachora mwenyewe alama mpya ukutani, juu kabisa ya doa jeusi, na kando yake akaandika tarehe.